Simu, Hisa na Mwanafunzi

Zamani mtu aliyetaka kununua hisa, yaani fungu la milki katika kampuni, ilimlazimu kumwendea dalali ofisini kwake, kujaza karatasi nyingi na kutoa fedha zisizo haba. Mlango huo haukuwa wa mwanafunzi. Leo umo mfukoni mwake. Twapenda kulitazama jambo hili kwa mfano wa Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, kwa kuwa ndugu zetu hao wamekwisha kuipita njia ambayo vijana wetu nao waiulizia.

Katika Januari 2014 soko la hisa la Jakarta lilipunguza kiwango cha chini cha kununua, kutoka hisa 500 hadi 100. Hisa ya rupia 1,000, iliyokuwa haipatikani ila kwa rupia 500,000, ikawa yapatikana kwa 100,000. Mwaka 2015 watu wakahimizwa kuweka akiba kwa hisa, na katika vyuo vikuu vikafunguliwa vyumba vya kuwafunza wanafunzi. Simu ikatimiza yaliyobaki: mwanafunzi hujiandikisha, huangalia bei na kununua hali yu kitandani.

Hapana shaka ndani yake mna kheri. Kijana anayeweka akiba na kujifunza hesabu za kampuni ni bora kuliko mbadhirifu. Lakini ile safari ya kwa dalali ilimpa mtu nafasi ya kufikiri na kuuliza. Simu imeiondoa safari, na ile nafasi nayo imetoweka. Mwanzo wa 2020 kipimo cha bei cha Jakarta kilikuwa karibu 6,300. Tarehe 24 Machi kilikuwa chini ya 4,000. Bei zilipopanda tena, mwanzoni mwa 2021, magazeti ya huko yaliandika habari za watu walionunua hisa kwa fedha za mkopo. Bei zikaanguka, deni likabaki. Hamu walikuwa nayo. Elimu hawakuwa nayo.

Ajabu ni kuwa chombo hicho hicho chaweza kuwa kinga. Mwaka 2011 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa juu ya biashara ya hisa, na ukatengenezwa mtambo unaoifuata sharia. Autumiaye hawezi kununua kwa mkopo, hawezi kuuza asichokimiliki, wala hawezi kununua hisa za kampuni ya ulevi au ya riba.

Hata hivyo, mtambo haujui kama fedha hizo ni karo ya muhula ujao. Hilo alijuaye ni mwanafunzi na wazee wake.

Basi, enyi wazazi, msiwakataze watoto wenu jambo msilolijua, wala msiwaache peke yao nalo. Waulizeni maswali matatu: Kampuni hii yafanya kazi gani? Fedha hizi ni za nani? Zikipotea nusu, utasoma kwa nini? Kijana atakayeyajibu yote matatu bila ya kubabaika, mwacheni anunue kidogo. Asiyeweza, na aiweke simu chini, akasome kwanza.