Shinyanga na Geita: Kaya inaweza kujitosheleza kutoka mavuno hadi mavuno?

MTU anayekusudia kuishi kwa jasho la shamba lake katika Mikoa ya Shinyanga na Geita hana budi kuanza na swali moja: mvua ikikosekana msimu mmoja, familia itakula nini hadi mavuno yanayofuata?

Swali hilo si la kinadharia. Ukame wa msimu wa 2005/06 ulileta upungufu wa chakula sehemu nyingi za nchi, na mabwawa ya kuzalisha umeme yalipungua maji hadi Taifa likaingia katika mgawo wa umeme.

Mikoa hii miwili ni majirani, lakini kwa upande wa mvua haifanani. Shinyanga hupata wastani wa milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Novemba na Aprili au Mei, mara nyingi zikikatika katikati ya msimu. Geita, mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 na unaopakana na Ziwa Victoria, una mvua nyingi zaidi, na wakazi wa Chato wana samaki karibu na mlango.

Kwa hesabu ya kawaida, kaya ya watu sita, kila mmoja akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, huhitaji kilo tatu kila siku, yaani takribani magunia 11 ya kilo 100 kwa mwaka. Hiyo ni nafaka ya kula tu, bila mbegu, bila ya kuuza kwa ajili ya ada na matibabu. Anayevuna magunia manane na kuuza matatu mwezi Juni amekwisha kujiwekea njaa ya Desemba.

Udongo nao una neno lake. Wasukuma wameugawa kwa majina tangu enzi: luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, hufaa viazi vitamu, mihogo na karanga, mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, hutunza maji na kufaa mpunga wa majaruba. Familia yenye kipande cha kila aina ina nafasi nzuri zaidi kuliko yenye ekari nyingi za udongo wa namna moja, kwa kuwa mvua inayoharibu viazi huweza kunufaisha mpunga. Mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi, ingawa wengi wamehamia kwenye mahindi kwa sababu ya ladha ya ugali wake na kwa sababu ndege aina ya kweleakwelea hushambulia zaidi mtama.

Kuvuna ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Adui mkubwa wa mahindi ghalani ni dumuzi, mdudu anayesadikiwa kuingia nchini na shehena ya mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970, akabainika kwanza mkoani Tabora. Wakulima wa kanda hii walimpa jina la Scania, kwa magari makubwa yaliyoaminiwa kumleta, na jina lenyewe linatosha kueleza kasi ya uharibifu wake. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa, iitwayo kinga njaa, humuua bila dawa, mradi nafaka iwe imekauka vizuri na mfuko usitobolewe.

Lakini akiba iliyozoeleka zaidi Usukumani haihitaji kiwanda. Viazi vitamu vikimenywa, kukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi huwa michembe. Vikichemshwa kwanza huwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, huwa mboga ya kiangazi. Chakula hicho hudumu kwa miezi bila jokofu wala umeme.

Kuhusu maji, habari ni nzuri kuliko ilivyokuwa zamani. Mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama, wenye chanzo chake Ihelele, wilayani Misungwi, ulizinduliwa mwaka 2009, licha ya mjadala uliotokana na mkataba wa Mto Nile wa mwaka 1929. Hata hivyo, bomba halifiki kila kitongoji, na maji ya baadhi ya visima mkoani Shinyanga yana madini mengi ya floraidi, ambayo huharibu meno na mifupa.

Paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 40 huweza kukinga lita 28,000 mvua ikifika milimita 700. Ukiondoa zinazopotea hubaki zaidi ya 22,000. Kaya ya watu sita ikitumia lita 120 kwa siku, siku 150 za kiangazi zinataka lita 18,000. Maji, kwa hiyo, yapo. Kinachokosekana ni chombo: tangi la lita 5,000 huisha kwa siku 41.

Mifugo imenusuriwa na ngitili. Hii ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea. Ufyekaji wa miti dhidi ya mbung'o, kilimo cha pamba na uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1970 viliidhoofisha, hata Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliifufua kutoka hekta zipatazo 600 hadi zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Dhahabu ndiyo inayovuruga hesabu hizi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, wilayani Kahama, ulisitisha uzalishaji mwaka 2021. Machimbo huleta soko la mazao na fedha za haraka, lakini pia huwavuta vijana kutoka mashambani wakati wa palizi. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo huingia kwenye mito. Zaidi ya hayo, madini ni mali ya Taifa, hivyo mwenye shamba hana hakika ya kubaki juu yake kukigundulika dhahabu. Hulipwa fidia na kuanza upya kwingine. Kabla ya kununua ardhi, ni vyema kuuliza ofisi ya kijiji na ofisi ya madini kama eneo limo ndani ya leseni.

Jirani wa mgodi ana hatari nyingine. Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka na tope likafunika mashamba na kuingia katika nyumba za wananchi.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, kazi ni ya Mei hadi Agosti: kupima magunia kabla walanguzi hawajafika, kuanika michembe jua likiwa kali, na kusafisha mifereji ya paa kabla ya mvua za Novemba.