Utafiti wa Kilimo na Mavuno ya Namtumbo (Sehemu ya Pili)

Mkulima wa Namtumbo anayenunua mfuko wa mbegu ya UH 6303 kwenye duka la pembejeo anafaidi kazi iliyoanza miaka mingi nyuma. Mahindi hayo chotara ni matunda ya watafiti wa Uyole, Mbeya, ambao hupima pia mbegu zao katika kituo kidogo cha Suluti, huku huku Namtumbo, mkoani Ruvuma.

Shamba la majaribio halimvutii mpita njia. Ni vipande vidogo vyenye vigingi na namba, aina ile ile ya mbegu ikirudiwa mara tatu au nne ili rutuba ya kipande kimoja isije ikapotosha hesabu. Wakati wa kuvuna, mistari ya pembeni huachwa, kwa kuwa hupata mwanga na nafasi zaidi kuliko ya ndani. Mavuno hupimwa uzito, kisha unyevu. Kazi hiyo hurudiwa msimu hadi msimu, na katika vituo tofauti, maana mbegu inayostawi kwenye baridi ya Uyole huenda isifue dafu kwingine. Aina moja mpya huchukua miaka kama kumi. Fedha zikichelewa hadi mvua zikapita, msimu huo umepotea.

Je, gharama hiyo inalipa? Korosho ni shahidi. Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 mwaka 1973/74; kufikia 1986/87 zilibaki kama 16,500. Bei duni na kuhamishiwa kwa watu vijijini, mbali na mikorosho yao, vilichangia. Lakini ulikuwapo pia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walieneza matumizi ya salfa, kisha wakatoa mikorosho bora. Bei nayo ilipopanda, msimu wa 2017/18 ulizidi tani 300,000.

Brazil ilithubutu zaidi. Mwaka 1973 iliunda shirika la utafiti, Embrapa, ikasomesha wataalamu kwa wingi. Soya, zao la nchi za baridi, ikapatiwa aina zinazovumilia siku fupi za tropiki, na udongo wenye tindikali ukatibiwa kwa chokaa. Leo Brazil inaongoza duniani kwa soya, zao ambalo Namtumbo nayo inalilima.

Tanzania imeamka. Bajeti ya utafiti wa kilimo ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 11.6 mwaka 2021/22 hadi bilioni 40.7 mwaka uliofuata. Ni hatua kubwa, ingawa mwaka huo huo ruzuku ya mbolea ilitengewa bilioni 150. Mbolea huonekana shambani msimu huo huo, na kwa hiyo ina watetezi wengi; utafiti hauna. Ila mbolea ikimwagwa kwenye mbegu dhaifu, sehemu ya fedha hiyo imepotea.

Madiwani wa Namtumbo na wabunge wa Ruvuma waulize kila mwaka: Suluti imetengewa kiasi gani, na fedha zimefika kabla ya mvua za kupandia?