Serikali za Mitaa na Sisi, Sehemu ya Tano: Lawama za Diwani wa Mwandiga na Madaraka Yaliyohama

Mvua za Kigoma zikikolea, malalamiko ya Mwandiga mtu huyajua kabla hajaambiwa. Maji huteremka kutoka vilimani pamoja na mchanga wake, mifereji iliyojaa taka hushindwa kuyapokea, na barabara za ndani huchimbika hadi bodaboda zikapita karibu na kuta za nyumba za watu. Pale njia panda, barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu, wauza mawese na dagaa husogelea lami kwa sababu pembeni hapakaliki. Safari hii lawama zina pa kwenda. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024, na madiwani Oktoba 29, 2025. Ahadi zao bado zimo masikioni mwa watu, na kila kijiwe kinauliza swali moja: diwani yuko wapi?

Swali ni la haki. Lakini anayeliuliza anastahili jibu kamili kuliko lile la kwamba viongozi wote ni walewale. Wazembe wapo, sitawatetea. Wapo pia madiwani wanaolaumiwa kwa shimo ambalo hawana hata koleo la kulifukia, kwa kuwa koleo lilichukuliwa zamani na kupewa mwingine. Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanaujua muundo wa kitongoji, kijiji, kata na halmashauri, kwa hiyo sitaurudia. Leo naeleza madaraka hayo yalivyohama, na kwa hilo ni lazima nianzie Ujiji.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kawele, sehemu ya Ujiji, Februari 1858, hawakukuta mahali pasipo na utawala. Bujiji, yaani nchi ya Ujiji, ilikuwa na mwami wake, aliyekaa juu vilimani. Wasafiri wa karne ile waliandika kwamba mila ilimkataza hata kulitazama ziwa. Chini yake walikuwapo watware, na chini ya watware wazee walioitwa wateko. Mtawala asiyeliona ziwa hawezi kujua mtumbwi gani umetia nanga na ugomvi gani umezuka gatini. Mambo hayo yaliamuliwa na waliokuwa pale. Mkuu wa Kawele, Kannena, alimdai Burton honga, yaani ushuru wa wapitaji, bila haya, na Burton akamwandika vibaya sana katika kitabu chake. Mimi namsoma Kannena kwa jicho jingine. Naona kiongozi wa mahali aliyeshikilia kwamba mgeni anayeitumia pwani ya watu hulipia, na kwamba malipo hayo yanapokelewa papo hapo, si na mtu wa mbali.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1878, Edward Hore wa London Missionary Society alikuta soko la Ujiji likiwa na fedha yake lenyewe, shanga za sofi, ambazo thamani yake ilipanda na kushuka kwa kadiri ya bidhaa na watu waliofika. Iliuzwa chumvi ya Uvinza, yakauzwa mawese, samaki, nafaka, na, kwa aibu ya historia yetu, watu. Mkubwa wa wafanyabiashara wakati huo alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyeoa katika ukoo wa watawala wa Bujiji. Hata alipoipeperusha bendera ya Sultan Barghash wa Zanzibar, hakuutawala mji kama aliyeuteka. Alikaa na wenyeji, akaoa kwao, akasemezana nao mpaka alipofariki mwaka 1885. Soko lililochanganya Waha, Wamanyema, Warundi, Wavira na Waarabu halikuendeshwa kwa amri ya mtu mmoja. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu bado kuna wasomi wanaodhani kwamba kukaa kikao juu ya soko na njia ni somo tulilofundishwa na wakoloni.

Kisha wakaja wenye amri. Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji chini ya Ramsay. Reli ikafika Kigoma Februari 1914, na ukubwa wa Ujiji ukaanza kuhamia kwenye stesheni. Julai 1916 Wabelgiji wakauchukua mji, wakakaa hadi 1921 walipowaachia Waingereza. Mzee aliyekuwa kijana wakati wa Ramsay aliwasalimia wakubwa wa mataifa matatu kabla mvi hazijamjaa. Wajerumani walitumia maakida na majumbe. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji iliyowapa machifu mahakama na hazina zao, na sehemu ya kodi ya kichwa na kibanda ikabaki katika hazina hizo. Utaratibu ule haukuwa wa haki. Chifu alikuwa mtumishi wa bwana shauri, yaani ofisa wa wilaya wa mkoloni, na aliyeshindwa kulipa kodi aliilipa kwa jasho, akichimba barabara. Lakini tuseme ukweli wote: fedha za mahali zilikuwa na sanduku la mahali. Upande wa Kasulu, Mwami Theresa Ntare wa Heru, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa machifu Tanganyika, alijulikana kwa watu wake kwa mambo ya shule na mashamba.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa. Uhuru ulipokuja, machifu wakaondolewa kisheria mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikarithi kazi. Zilirithi pia umaskini, maana zilibebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara huku mifuko yao ikitegemea kodi ambazo watu walizichukia tangu enzi za mkoloni. Zilikopa, zikachelewesha mishahara, nyingine zikatafunwa na watu wake wenyewe. Tiba yake ingekuwa kuzipa fedha na ukaguzi. Mwaka 1972 Serikali ikachagua kuzifuta.

Hapa msomaji anivumilie, maana kwa miaka mingi nimeamini kwamba mwaka 1972 ndio ufunguo wa kila kero ya mtaani tuliyo nayo. Mpango ule, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, uliitwa Madaraka Mikoani. Kilichopelekwa mikoani ni maofisa wa Serikali Kuu. Madiwani waliondoka, wakaja wakurugenzi wa maendeleo wa mkoa na wilaya waliowajibika juu, si chini. Halmashauri za miji nazo zikafuata. Katika miji hapakuwa tena na chombo cha wakazi cha kuwajibika kwa taka, mifereji na maji safi, na kipindupindu kilipovuma mwishoni mwa miaka ya sabini, kilikuta miji imeoza. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya haraka kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge likatunga Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena, safari hii zikilindwa na ibara za 145 na 146 za Katiba.

Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere aliulizwa na jarida la nje ni nini asingekifanya kama angeanza upya. Alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Kiongozi wa nchi aliyeko madarakani akakiri hadharani namna hiyo! Ningetamani kila waziri anayeshika TAMISEMI alisome ungamo hilo kabla hajakalia kiti, kwa sababu miaka 12 bila madiwani ilitujengea tabia ambayo sheria ya 1982 haikuiondoa. Mwananchi alizoea kumngoja mkubwa kutoka mjini, na mkubwa wa mjini akazoea kungojwa.

Tangu hapo halmashauri imekuwa ikipewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Sera ya ugatuaji ilitangazwa mwaka 1998. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa, na watu wakashangilia, nami nakiri kwamba ilikusanywa kwa udhalilishaji. Ila pengo lake halikuzibwa kwa chanzo ambacho diwani anaweza kukisimamia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa humo humo katika LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5. Julai ya mwaka huohuo ikaanza TARURA, nayo barabara za vijijini na mijini, ambazo sasa ni zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 Sheria Na. 5 ikaunda RUWASA, maji ya vijijini yakatoka pia.

Zilikuwapo sababu. Wahandisi wa halmashauri walikuwa wachache, fedha za barabara zilipotea njiani, miradi ya maji ilikufa mwaka baada ya kuzinduliwa. TARURA imeongezewa nguvu, hasa tangu 2021 ilipowekwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Sisemi ivunjwe. Nasema mpiga kura hakuambiwa. Bado anampigia diwani kura kana kwamba greda linalala nyuma ya ofisi ya kata.

Sasa turudi Mwandiga. Lami ya kwenda Manyovu ni ya TANROADS, pamoja na hifadhi yake ya mita 30 kila upande, ndiyo maana mama wa mawese anaondolewa na watu ambao diwani hawaamuru. Barabara za ndani ni za TARURA. Maji ya kijiji yako chini ya RUWASA na jumuiya ya watumia maji. Kwa halmashauri kumebaki soko, taka, zahanati, shule za msingi na sheria ndogo. Meneja wa TARURA wa wilaya huja katika baraza la madiwani kutoa taarifa, na hapo diwani anaweza kumuuliza. Hawezi kumwagiza.

Lakini kipo kitu ambacho Mwandiga inacho na jirani zake wa Gungu hawana, na sijasikia kikitajwa katika kampeni yoyote. Ukivuka mpaka wa Manispaa ya Kigoma Ujiji unaingia katika mitaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati, ila hauna mamlaka makubwa ya kisheria. Mwandiga imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na japo sura yake ni ya mji, msingi wake ni kijiji. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa kwa Sheria Na. 7 ni mtu kamili mbele ya sheria: inamiliki mali, inashitaki na kushitakiwa, na kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasimamia ardhi ya kijiji. Halmashauri hiyo, yenye wajumbe 15 hadi 25, inaweza kutunga sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, unaijadili, kisha inakwenda baraza la madiwani kupata idhini. Hailazimiki kwenda kwa waziri Dodoma.

Maana yake ni kwamba sheria inayomtaka kila mwenye nyumba azibue mfereji ulio mbele yake kabla ya mvua za Novemba, inayokataza kujenga juu ya njia ya maji, na inayotaja faini na fedha hiyo itakakotumika, inaweza kuzaliwa Mwandiga na kupitishwa na majirani wenyewe. Kazi ya diwani ni kuibeba barazani na kuipigania. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na hapo ndipo apimwe. Kama anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata kila robo mwaka, kama mtendaji wa kata anaandika mihtasari inayosomeka, kama kero ya barabara imefika TARURA kwa maandishi ikiwa na tarehe na jina la njia, diwani huyo anafanya kazi hata greda lisipofika. Kama anapiga picha akiwa amesimama ndani ya dimbwi kisha anaondoka, hafanyi.

Na sisi je? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya watu. Wanaohudhuria ni wazee wachache na akina mama. Vijana wenye sauti kubwa kijiweni hawaonekani, kisha ndio wa kwanza kusema wameonewa. Hili linanikera kuliko mashimo yenyewe. Maana serikali ya kijiji si ya kudharau: Waha wa Kagunga, kijiji cha ziwani katika halmashauri hiyohiyo, Mei 2015 walipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi katika ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Kabla MV Liemba haijaanza kuwavusha watu kwenda Kigoma, serikali iliyokuwapo pale ilikuwa ya kijiji. Vyoo, visima na ugomvi wa ardhi vilianguka juu ya mwenyekiti na wajumbe wake.

Mkutano ujao, anayetaka kuuliza juu ya mfereji wa kwake aulize mambo matatu: muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata wa robo iliyopita uko wapi, barua kwa TARURA ilipelekwa tarehe gani, na je, kijiji kina sheria ndogo ya mazingira yenye muhuri wa halmashauri. Kama haipo, wajumbe wanaweza kuanza kuiandaa siku hiyohiyo. Namna ya kuiandika, kifungu kwa kifungu, pamoja na makosa yanayoifanya irudishwe, ndiyo yatakuwa maudhui ya sehemu ya sita.