Wazee wa Ufipa na Kinga ya Maradhi (2): Wanajua, Tuwasaidie Kutenda

Juma lililopita tulieleza jinsi kinga ya mwili inavyopungua umri unaposogea. Leo tulitazame dai linalorudiwa mno, kwamba wazee wetu hawajui kujikinga na maradhi ya kuambukiza. Dai hilo linawaonea.

Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Walifundishwa habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kijana wa miaka 20 wa siku zile leo amevuka 70. Ndiye babu tunayemkuta akiota jua hapa Ufipa, Laela, Matai au Namanyere, na huenda bado ana kovu la chanjo ya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Kinachomkwamisha mzee huyu mara nyingi si kutojua, ni kukosa uwezo. Tuanze na kunawa mikono. Katika nyumba nyingi bakuli la maji huzungushwa: mkubwa hunawa kwanza, wadogo wakafuata katika maji yale yale. Mgonjwa mmoja akitumbukiza mikono, wote wamegawana uchafu wake. Dawa yake ni kumiminia maji kwa jagi, na sabuni iwepo. Heshima haipotei, kwani mzee bado anatangulia.

Kibuyu chirizi nacho ni kizuri: dumu dogo lenye tundu, linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti. Lakini mwenye goti bovu anawezaje kusimama kwa mguu mmoja? Mjukuu na amkanyagie, au iwekwe ndoo yenye koki juu ya kigoda, kwa kimo cha mtu aliyeketi.

Jambo zito zaidi ni kifua kikuu. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai tunaijua. Madirisha hufungwa, moto wa kuni huwashwa ndani, bibi akalala chumba kimoja na wajukuu. Mgonjwa akikohoa humo, vimelea huelea hewani na wote huvivuta.

Tena, mtu aweza kuambukizwa ujanani, vimelea vikatulia mwilini miaka mingi bila kumdhuru, kisha vikaamka uzeeni kinga inapolegea. Kwa mzee dalili hujificha: homa huenda isipande sana, kukonda huhesabiwa kuwa ni umri, na kikohozi husingiziwa moshi. Hapo ndipo wengi huchelewa. Kanuni ni hii: anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa makohozi, hata kama amekuwa akikohoa kila kipupwe. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6, dawa ni bure, na hazikatizwi mtu anapopata nafuu. Baridi isiwe sababu ya kuishi gizani: jua likitoka, madirisha na milango ifunguliwe hadi jioni.

Na kituoni je? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kupata huduma za afya. Haki hiyo hupungua thamani maelezo yanapotolewa haraka haraka kwa kijana aliyemsindikiza, mwenye mwili akiwa ameketi pembeni. Mhudumu azungumze na mzee mwenyewe, taratibu, kwa Kifipa inapobidi, kisha amwombe arudie alichoelewa.

Kizazi kilichochimba vyoo mwaka 1973 kilitimiza wajibu wake. Sasa ni zamu yetu wana, wakamwana na wajukuu: tuwachotee maji, tuwanunulie sabuni, tuwasindikize zahanati kikohozi kisipokoma.

Juma lijalo: maji ya kunywa na kipindupindu, kuanzia uwanda wa juu wa Ufipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa.