Bangili ya Chatu

Yeyote aliyefyeka pori jipya ajua ya kuwa shoka likianza kulia, wanyama hukimbia. Wasenufo, wakulima wakaao kaskazini ya Côte d'Ivoire na katika sehemu za Mali na Burkina Faso, husema ya kuwa si wanyama peke yao waliomo humo. Porini na penye vijito wakaa madebele, pepo wasioonekana, na mwenye kulima au kuwinda huingia katika milki yao. Akiwaudhi, hata bila kujua, huenda mtoto wake akaugua.

Hapo huenda kwa mwaguzi. Waaguzi hao ni wa chama kiitwacho Sandogo, na walio wengi ni wanawake. Mwaguzi huketi na mgeni wake katika kijumba chembamba, akaushika mkono wake na kuupiga pajani huku akiwauliza pepo. Kisha hutupa chini kauri na vitu vidogo vidogo, akavisoma. Mara nyingi jawabu ni moja: vaa shaba. Pengine pete yenye kinyonga, pengine bangili ya chatu, nyoka asemwaye kuwa mjumbe baina ya pepo na mwaguzi. Pambo hilo si la urembo tu, bali ni ishara ya kuwaonyesha pepo ya kuwa neno lao limesikiwa. Nasi hatupendi kumcheka mzazi anayelitafuta usiku kucha mtoto akiwa na homa.

Msubu hufinyanga umbo lake kwa nta ya nyuki, akalifunika kwa udongo na kuacha tundu. Akilitia motoni, nta hutoka, na mahali pake humiminwa shaba ya manjano iliyoyeyuka. Ikipoa, udongo huvunjwa. Basi kila bangili ina kalibu yake.

Shaba ilisafiri mbali kufika Afrika ya Magharibi. Mwaka 1964 Mfaransa Théodore Monod alichimbua katika jangwa la Mauritania mzigo wa msafara wa kale: fimbo za shaba zaidi ya 2,000, pamoja na kauri zilizotoka huku kwetu, Bahari ya Hindi. Wenye mzigo hawakurudi kuuchukua.

Siku hizi bangili nyingi kuukuu zimo katika majumba ya makumbusho na maduka ya Ulaya. Kibandiko hutaja kabila na madini. Mwaguzi aliyeiagiza, na ugonjwa ulioileta, havitajwi.