Ayalandi: Claddagh, kijiji cha wavuvi kilichobomolewa lakini bado kinatembelewa

Mjini Galway, magharibi mwa Ayalandi, watalii wanaongozwa kwa miguu kutembelea kijiji ambacho nyumba zake za zamani hazipo tena. Kijiji hicho kinaitwa Claddagh. Kiko mahali ambapo mto Corrib unaingia baharini, ng'ambo ya mji wa kale. Katika lugha ya Kiayalandi, jina hilo linamaanisha ufuko wa mawe.

Kwa wasomaji wa Tanganyika, Ayalandi si jina geni. Wanajeshi 9 wa inchi hiyo, waliokuja na kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliuawa Niemba tarehe 8 Novemba 1960. Lakini habari hii si ya vita. Ni habari ya samaki, mashua, na wakaaji waliopewa nyumba mpya wakapoteza kijiji.

Mwanaume anavua, mwanamke anauza

Mara nyingi matembezi yanaanza kwenye tao la mawe linaloitwa Spanish Arch, lililojengwa mwaka wa 1584 kama sehemu ya ukuta wa mji. Karibu na hapo ndipo palikuwa soko la samaki. Wanaume wa Claddagh walifika na mashua, wakakabidhi samaki kwa wake zao, na kazi yao ikaishia hapo. Kupanga bei, kubishana na wanunuzi na kutunza pesa ilikuwa kazi ya wanawake. Mtu aliyekulia pembeni ya ziwa Kivu au ziwa Tanganyika hahitaji kufasiriwa jambo hilo.

Ukivuka daraja, uko upande wa wavuvi. Ukuta ulilinda nyumba za wafanyabiashara matajiri. Wavuvi walibaki nje yake. Mjini Kiingereza kiliendelea kupata nguvu, lakini Claddagh watu walizungumza Kiayalandi. Nyumba zao zilikuwa fupi, kuta zimepakwa chokaa, paa la majani, na vijia kati ya nyumba vilipinda huku na huku.

Mfalme asiye na jumba

Kijiji kilikuwa na mfalme wake. Hakuwa mtu wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mvuvi kama wengine, aliyechaguliwa na wenzake. Mashua yake ilitambulika kwa tanga jeupe, wakati mashua za wengine zilikuwa na matanga ya rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Yeye ndiye aliyesuluhisha ugomvi, ili watu wasikimbilie mahakama ya mji, na ndiye aliyesimamia kanuni za kuvua.

Kanuni hizo zilikuwa kali. Wavuvi walitoka pamoja, kwa siku iliyokubaliwa, na mashua ya mtu wa nje iliyotangulia kuingia kwenye ghuba ingeweza kushambuliwa. Katika karne ya 19 walipinga kwa nguvu nyavu za kukokotwa chini ya bahari, wakisema zinaharibu mayai ya samaki na kumaliza samaki wadogo. Wengine waliwaona kama watu wakaidi wasiotaka maendeleo. Leo, kila mahali ambapo samaki wanapungua, hoja yao inasikika upya.

Njaa pembeni ya bahari

Kuna swali ambalo wageni wengi wanauliza: wakati ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kubwa kuanzia mwaka wa 1845, je, wavuvi hawangeweza kula samaki?

Jibu ni chungu. Viazi vilikuwa chakula cha kila siku cha maskini wa Ayalandi. Samaki walikuwa wa kuuza ili kupata pesa. Njaa ilipozidi, wavuvi wa Claddagh waliweka nyavu na vifaa vyao rehani ili wapate chakula cha siku chache. Samaki walikuwemo majini, lakini nyavu za kuwavulia zilikuwa mikononi mwa wakopeshaji. Wakristo wa dhehebu la Wakweka walitoa mikopo ili wavuvi wakomboe vifaa vyao na kurudi kazini. Walielewa kwamba gunia la unga linamlisha mtu kwa muda, lakini wavu unamrudishia kazi yake.

Nyumba mpya, lugha iliyofifia

Katika miaka ya 1930, serikali ya mji ilibomoa nyumba za majani. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: nyumba zilikuwa na unyevunyevu, watu walisongamana, na kifua kikuu kilikuwa kinaua wengi katika Ayalandi ya wakati ule. Mahali pake zilijengwa nyumba za saruji zilizopangwa kwa mistari, ambazo bado ziko.

Si haki kusema kwamba ubomoaji ulikuwa ubaya mtupu. Mama aliyelea watoto katika chumba chenye maji sakafuni hakulilia paa la majani. Lakini pamoja na kuta, mambo mengine pia yaliondoka. Uvuvi ulikuwa umeshadhoofika, mpangilio wa kijiji ukavunjika, na Kiayalandi cha Claddagh kikaendelea kufifia hadi kikanyamaza. Leo kuna nyumba moja ya majani iliyojengwa upya kwa mfano wa zile za zamani, ili mgeni aone namna watu walivyoishi.

Pete inayojulikana kuliko kijiji

Kitu cha Claddagh kilichosafiri mbali zaidi ni pete: mikono miwili inashika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Mikono ni urafiki, moyo ni upendo, taji ni uaminifu. Inasimuliwa kwamba mfua dhahabu Richard Joyce wa Galway alitekwa na maharamia, akajifunza ufundi akiwa mtumwa huko Algiers, kisha akaachiliwa karibu na mwaka wa 1689 na kurudi kwao. Kwa desturi, anayeivaa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kucha, hajapata mchumba. Ikielekea kifundo cha mkono, moyo wake umeshapata mwenyewe. Mkono wa kushoto ni kwa walioolewa na waliooa.

Pete hiyo inauzwa duniani kote, na wengi wanaoivaa hawajui kwamba Claddagh ni mahali penye watu.

Matembezi yanapita kanisa la Mtakatifu Maria la Wadominiko, ambao mapadri wao hubariki ghuba na mashua kila mwaka mwezi wa Agosti. Mwisho wake ni gati la Nimmo, linalonyooka kuelekea bahari. Karibu na hapo watu wa kujitolea wa chama cha Badóirí an Chladaigh wanatengeneza upya mashua za mbao za zamani, zenye ubavu mweusi wa lami na matanga mekundu, na kuwafundisha vijana kuziendesha. Nyumba za mababu hawakuweza kuzirudisha. Lakini kijana anayejua kushika usukani na kusoma upepo wa ghuba amepokea sehemu ya urithi ambayo serikali ya mji haikuweza kuibomoa.