Safari ya Saburo Sakai

Habari za marubani wa vita huishia mara nyingi kwenye hesabu: huyu kaangusha ndege ngapi, yule ngapi. Saburo Sakai wa Japani hutajwa kuwa aliangusha 64, na hesabu hiyo ina ubishi wake. Juma hili tuiache. Tuulize jambo moja: ilikuwaje mtu aliyepigwa risasi kichwani akarusha ndege kwa saa nne na dakika 47 mpaka akafika kambini?

Ilikuwa tarehe 7 Agosti 1942. Asubuhi hiyo Wamarekani walikuwa wameshuka Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon. Kambi ya akina Sakai ilikuwa Rabaul, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwenda umbali huo, kupigana, kisha kurudi, ndege nyingi za kivita za wakati ule zisingeweza. Zero iliweza kwa sababu ilikuwa nyepesi mno. Jeshi la majini lilidai kwa kampuni ya Mitsubishi ndege inayogeuka upesi na kwenda mbali, na injini iliyokuwapo haikuwa na nguvu nyingi. Basi uzito ukapunguzwa kila mahali. Nyuma ya kiti cha rubani hapakuwekwa bamba la chuma la kumkinga. Matangi ya mafuta hayakuwa na utando wa mpira wa kuziba tundu la risasi. Tangi likipigwa, ndege iliwaka kama kiberiti.

Juu ya Guadalcanal Sakai aliona kundi la ndege, akadhani ni za kivita zenye rubani peke yake, akazijia kwa nyuma. Kumbe ni za mabomu, aina ya Dauntless, na katika kila moja ameketi mtu mwenye bunduki ya rashasha akitazama nyuma! Zikammiminia risasi. Kioo kikapasuka, jicho la kulia likapofuka, upande wa kushoto wa mwili ukafa ganzi. Aliwaza kuibamiza ndege kwenye meli ya adui afe nayo. Kisha akageuza kuelekea Rabaul.

Matangi, kwa bahati, yalikuwa mazima. Wepesi ule ule uliomnyima kinga ndio uliomfikisha, maana Zero ilienda mwendo mrefu kwa mafuta machache. Akisinzia, upepo uliopita kwenye kioo kilichovunjika ulimwamsha. Alipotua alitaka kwanza atoe ripoti kwa wakubwa wake, ndipo apelekwe kwa daktari.

Ushujaa ulikuwapo, hakuna anayekataa. Lakini ndege ya namna ile ilifaa kwa rubani hodari asiyepigwa, na marubani hodari hawakuwa wengi. Junichi Sasai, kiongozi wake, aliuawa mwezi huo huo. Toshio Ota akafuata Oktoba. Wamarekani waliwarudisha wengi wa mabingwa wao nyumbani wakafundishe vijana. Wajapani waliwaacha wao mstari wa mbele mpaka wakaisha. Hata ikafika Juni 1944 Sakai, mwenye jicho moja, anapigana tena, safari hii Iwo Jima.

Mwaka 1983 alikutana nchini Marekani na Harold Jones, mmoja wa wapiga rashasha wale wa Dauntless. Sakai alifariki mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 84.